Upande Aliolalia Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa kunusa. Maziwa nayanusa kabla sijayanywa, mgeni namnusa kabla sijamkaribisha, na habari njema nainusa mara mbili. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimefumbua jicho moja, nikimkagua mkunga kama mikono yake ni safi. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia anataka kwenda kukaa majuma mawili kwa mwanamke fulani wa upande wa Kabambare anayefundisha yoga, sikumwuliza yoga ni nini. Nilimwuliza huyo mwanamke anataka nini kwetu.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa na msiba usiokubaliwa. Mume wa mdogo wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Salamabila. Asubuhi moja aliingia shimoni na wenzake wawili, udongo ukawaporomokea. Waliobaki juu walichimba hadi mvua ikalijaza shimo maji, wakakata tamaa. Hakutolewa mtu, mzima wala maiti. Aliyetuletea habari mjini kwetu Kasongo alikuja na pikipiki, na mkononi alishika kandambili za marehemu, maana wachimbaji huzivua juu na kushuka miguu mitupu. Kilichorudi nyumbani ni hizo kandambili.

Msikitini waliswali sala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali. Majirani walikuja kutoa pole, na mdogo wangu akawapikia pilau kama watu wa karamu. Hakulia. Hakukaa eda. Kwetu mjane anatulia ndani miezi minne na siku kumi, bila hina, bila manukato, bila pambo sikioni. Yeye alijipaka wanja, akavaa hereni zake za dhahabu alizoletewa na mumewe, akaenda sokoni. Jioni alizipanga zile kandambili mlangoni zikielekea ndani, kama za mtu aliyekwisha kuingia, na alifunika sahani moja ya wali pembeni. Hawakujaliwa mtoto ambaye angemkatalia mambo hayo. Ulipomwambia mumewe amefariki, alikuuliza swali moja tu, kwa upole.

"Nani aliona maiti?"

Na kweli hakuna aliyeiona.

Kasongo ni mji wa watu wa zamani, tunajuana hadi nyufa za kuta. Maneno yakaanza. Wengine walisema anajua mume alikojificha, wengine walisema ana mtu mwingine anayemngoja, ndiyo maana hataki kufungiwa ndani. Hayo niliyameza. Kilichonikaa kooni ni maneno ya shehe wetu. Alitueleza kwamba eda haimngoji mtu: inahesabiwa tangu siku ya kifo, ukae usikae, na ikipita imepita. Nikawa naziona siku zinakwenda zake bure. Niliogopa zitaisha, na mdogo wangu atabaki hivyo hivyo maisha yake yote, si mke, si mjane, anafunika wali wa mtu aliye chini ya mlima. Nililiogopa hilo kuliko nilivyowahi kuogopa vita, na vita nimeviona.

Habari ya yoga ililetwa na mama mmoja anayetuuzia mafuta ya mawese. Huyu alifukuzwa kijijini kwao na watu wenye bunduki, na tangu hapo usingizi ulimkimbia. Alikwenda kwa yule mwanamke wa Kabambare, akarudi analala. Tulimwuliza kule wanafanyiwa nini. Akaweka madumu yake chini, akalala chali katikati ya jamvi letu, mikono ubavuni, akatulia tuli. Kisha akageukia ubavu wa kulia, akakaa hapo kidogo kabla ya kuinuka. Tulicheka hadi machozi. Mdogo wangu hakucheka. Alimwomba ageuke tena, aone vizuri, na akauliza kama ni lazima ugeukie kulia. Yule mama akajibu kwamba ndivyo walivyofundishwa. Siku chache baadaye mdogo wangu akasema anakwenda.

Basi nami nikafunga mzigo wangu. Shehe alituruhusu, kwa kuwa hata aliye edani hutoka kwenda kutibiwa, na alitumaini atarudi na akili ya kukaa ndani. Mimi sikutumaini kitu. Nilikwenda kulinda.

Tulipanda pikipiki mbili, mchele na mafuta yetu yamefungwa nyuma, na njia ile kila anayeijua anajua jinsi inavyokusaga mgongo. Mwanamke tuliyemfuata alikaa katika nyumba ya zamani ya kampuni ya pamba, ng'ambo ya mto Luama, yenye baraza ndefu na bati lililoota kutu. Alikuwa Mubangubangu, mwenyeji wa huko, wa rika langu, mwembamba, nywele zimekatwa fupi. Zamani alikuwa muuguzi. Vita vilimpeleka Bujumbura, na huko ndiko alikojifunza yoga kwa wanawake wenzake wakimbizi. Alitupokea kwa mikono miwili. Hakutaka malipo, kila mtu alete chakula chake, basi. Hapo ndipo pua yangu ilipoanza kazi. Watu wasiotaka kitu nawajua vizuri, maana mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Aliye hai hakosi kitu anachokitaka.

Kwanza nilidhani ni dhahabu. Kabambare, usipojua mtu anatafuta nini, anatafuta dhahabu. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikiangalia kama kuna udongo uliochimbuliwa karibuni. Nikakuta shamba la muhogo. Kisha nikadhani ni dini. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, nikachungulia: kitanda, kalenda, na rozari imening'inia kwenye msumari. Nikajiambia, haya, tumekwisha, wanatubatiza. Jikoni nako nikakuta sombe, yale majani ya muhogo, inayopikwa bila samaki hata mmoja, kwa sababu kule hawali chenye damu. Mtu anayeweza kupika sombe bila samaki karibu na Luama, nilijiambia, anaweza lolote.

Mdogo wangu, kabla hata hajafungua mzigo, aliuliza jua linatokea upande gani. Kwa miezi hakuwa ameuliza kitu chochote kwa hamu namna ile. Nikafurahi, nikidhani anatafuta Kibla aswali. Kwetu, ukisimama jua la asubuhi likiwa mkono wako wa kulia, Kibla iko mbele yako, ukigeukia kidogo upande wa jua. Alitazama mlangoni, akatazama dirisha, akatikisa kichwa kama mtu anayepima mahali pa kuweka kitanda.

Tulikuwa wanawake kama kumi, wengi wakulima wa huko huko, kila mmoja na lake. Asubuhi tulikusanyika katika chumba kikubwa kilichokuwa ghala la pamba, tukakaa kwenye mikeka, na mwalimu akatueleza kwamba yoga ina viungo vinane, na mtu anavishika kimoja baada ya kingine. Cha kwanza ni makatazo: usidhuru, usiseme uongo, usiibe, usiuachie mwili tamaa zake, usirundike mali. Nikamwambia hayo tunayo tangu utotoni, hatukuhitaji kuvuka mto kuyafuata. Alicheka, akasema vizuri, basi nitakuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Cha pili ni maagizo: usafi, kuridhika, kujibidiisha, kujisomea, kujikabidhi kwa Mungu. Nikauliza Mungu yupi. Akajibu kwamba kila mmoja amjue wa kwake. Jibu hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angetaja jina.

Siku zilizofuata tulifika kwenye mikao. Nilikaa ukutani na kanga yangu, nikitazama wanawake wazima wakijikunja na kujikunjua, mmoja kainua mguu, mwingine kainama kama anayepanda mpunga. Nilijaribu mara moja, kiuno kikalia, nikakaa. Kiungo cha nne ni pumzi: kuivuta, kuishika, kuiachia. Cha tano ni kuyafunga macho na masikio ya ndani usifuate kelele za nje. Kila aliposema tufumbe macho, mimi nilifumba moja. Anayekuambia ufumbe macho mbele ya watu, ama anataka kukupa kitu ama anataka kukuondolea, na sikumwona ameshika zawadi.

Kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyeona yote. Niliona mama mmoja wa Kabambare akisinzia na kutokwa na mate. Niliona mwalimu akijikuna mgongo kwa fimbo ya ufagio alipodhani hakuna anayemtazama, na hilo lilinipendeza kidogo. Nilimwona mdogo wangu, ambaye nyumbani hakutulia hata kula, amekaa kimya kabisa, uso umelegea. Ningefurahi. Badala yake nilijiuliza amepewa nini.

Mwisho wa kila zoezi la mikao walilala chali. Siku ya kwanza mwalimu alisema, kwa sauti yake ya muuguzi, "Bamama, mulale. Hii ni mukao ya maiti."

Nilisimama. Nilimwambia, "Mama, mimi naosha maiti. Hiyo si kitu ya kuchezea."

Chumba kizima kilifumbua macho. Alijaribu kunieleza kwamba ni jina tu, maana yake mwili uachie kila kitu, na kama linaniudhi angeliita mapumziko. Nikamwambia ukiita nyoka kamba bado atakuuma. Niliyajua hayo ninayoyaona sakafuni: vidole vya miguu vimeangukia nje, viganja vimefunguka, taya limeachia. Nimefunga mataya mengi kwa kitambaa. Kuona wanawake kumi wanajilaza hivyo kwa hiari yao, na wa kwangu miongoni mwao, ndiko kulikonisimamisha, na sitaki kusema kwamba ilikuwa hasira tu. Ilikuwa hofu. Nilidhani wanamfundisha kufa.

Ni mdogo wangu aliyenyamazisha ugomvi. Bila kuinua kichwa aliniita kama tunavyomwita dada mkubwa: "Yaya, kaa." Nikakaa.

Siku iliyofuata nilimkuta ameuhamisha mkeka wake. Wenzake wote walilala vichwa ukutani, wamepangwa vizuri. Yeye aliulaza mkeka kwa kukata chumba, peke yake karibu na dirisha. Mwalimu alipita akamruka kama vile hajaona. Hapo nikaona mpango wote: anamtenga. Mchungaji mwizi huanza kwa kumtoa mbuzi mmoja kundini. Na zoezi lilipokwisha, wengine walipogeuka ubavu wa kulia wakavuta pumzi mbili tatu na kuinuka, mdogo wangu alibaki ubavuni muda mrefu, mgongo kwetu, hadi wali ukapoa. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Kila siku alikawia zaidi, na kila siku mwalimu alimwacha.

Wakati huo mafunzo yalikuwa yamefika kwenye viungo vya mwisho. Cha sita ni kuikaza akili kwenye kitu kimoja. Cha saba ni kukaa na kitu hicho bila kukatika. Cha nane mwalimu alisema hana neno la Kiswahili linalokitosha, ila ni pale ambapo anayewaza na kinachowazwa hawatengani tena. Alituambia tusihangaike nacho; yeye mwenyewe hajawahi kukifikia, na watu wengi hufa bila kukiona. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa akisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda nyumbani kwake.

Nikaona yatosha. Nilituma salamu kwa wale vijana wa pikipiki waje. Walipofika asubuhi, nilikuwa nimeshafunga mizigo yote miwili. Nilimkuta mdogo wangu barazani akinawa. Nilidhani atabisha. Aliniambia, "Sawa, yaya. Nilale mara moja tu, halafu twende." Kisha alirudi kwenye ndoo na kuendelea kunawa, taratibu, mikono, uso, miguu, na alipomaliza akaanza tena. Alijimwagia maji upande wa kulia, halafu wa kushoto. Niliona, na bado sikuona. Ndiyo maana wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako; mimi nilikuwa namkagua mwenye nyumba.

Niliingia ghalani nikakaa mahali pangu. Wakafanya mikao yao, wakalala. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumuaga mwalimu, makali, na nilikuwa nayapanga kichwani wakati mdogo wangu alipogeuka.

Safari hii alijifunika. Alikuwa na kanga nyeupe, akaivuta kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akageukia ubavu wa kulia. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia mlangoni, nyuma ya kichwa chake. Nikalitazama jua. Nikatazama miguu yake inakoelekea, upande wa mto Lualaba, machweo. Nikakadiria uso wake ulikoelekea chini ya kanga. Uso wake ulikuwa umeelekea Kibla.

Hivyo ndivyo tunavyomlaza mtu wetu kaburini. Ubavu wa kulia, uso Kibla. Hata kule kunawa barazani, kulia kisha kushoto, ndivyo ninavyoosha maiti. Mimi sijawahi kuingia kaburini, kwetu wanawake hawaendi mazikoni; tunaosha wa kwetu, tunawavisha sanda, kisha wanaume wanabeba jeneza na sisi tunabaki ndani tukisikiliza hatua zao. Hata kama mume wake angetolewa shimoni, mdogo wangu asingemwona akishushwa. Lakini kila mtoto wa Kasongo anajua tunavyolazwa. Alijua tangu siku ile yule mama wa mafuta alipogeuka juu ya jamvi letu, nasi tukacheka.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, na ilikuwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumlaumu, kwa nini alimgeuza. Alishangaa.

"Mimi sikumwambia kitu, mama. Yeye mwenyewe aligeuza mukeka. Nilifikiri iko mambo ya dini yenu, nikamwacha."

Wanawake wengine walikuwa wameshainuka, wanakunja mikeka yao, wanapiga miayo. Nje vijana wa pikipiki waliwasha injini ili tuharakishe. Mwalimu akanyoosha mkono kumgusa mdogo wangu begani, kama anavyowaamsha waliopitiwa na usingizi. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Mumuache," nikamwambia. "Hawajamaliza kumufukia."

Alinitazama. Sijui alielewa kiasi gani. Yeye ni Mkristo na mazishi yao ni mengine. Lakini aliurudisha mkono, akawatoa wale wanawake nje, akaenda kuwanyamazisha vijana wa pikipiki. Nilikaa kwenye sakafu, upande wa kichwa cha mdogo wangu. Telkini anayosomewa maiti siijui, hatukufundishwa. Nilisoma Fatiha, nikasoma Yasini hadi pale ninapokumbuka, nikarudia. Nilikaa macho yangu yote mawili wazi, nikiukodolea mlango, na mtu yeyote angethubutu kuingia angenitambua.

Chini ya kanga nilisikia pumzi yake imeshikwa muda mrefu, ikaachiwa. Kisha ikaanza sauti ambayo miezi yote ile niliingojea. Alilia kama wanavyolia wenye msiba, kwa jina la mumewe, akimuita. Sikumgusa. Kwetu aliye kaburini haguswi.

Alipokaa kitako, macho yamevimba na mkeka umemchora shavuni, alikunja ile kanga nyeupe vizuri pembe kwa pembe. Alitazama mikono yake, hina imefifia kwenye kucha.

"Yaya," akasema, "eda inaanza leo, ao inaanza siku ile?"

Nililijua jibu. Shehe alilisema mbele yangu, wazi, na nililibeba moyoni mzima mzima muda wote huo. Tangu siku ile. Siku zilizobaki zingehesabika kwenye vidole vya mikono yangu. Angefika nyumbani, angekaa ndani kidogo, na watu wangemwambia imekwisha, toka. Na huko barazani alikuwapo mwanamke niliyemwambia kwamba sisi katazo la uongo tunalo tangu utotoni.

"Inaanza leo," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa, akavua hereni zake, moja kisha nyingine, akaniwekea kiganjani nimtunzie hadi itakapokwisha.